Kabla Dufu Hazijalia

Mwanvua binti Nasoro anauza vitenge katika soko la Manika, mjini Kolwezi, na wateja wake wanamjua kwa tabia moja. Hasifii kitambaa kabla hajakishika kwa vidole viwili, akakisugua, akakunja uso kama mtu anayeonja mchuzi. Kitenge kinachong'aa hakimbabaishi. Anajua kwamba kingine kimepakwa wanga mwingi ili kipendeze dukani, na siku ya kwanza kukifua mng'ao wote unaondoka na maji.

"Mi napenda kujua kwanza iko nini chini," huwaambia wanawake wanaomwona anakawia, nao hucheka na kumngoja.

Baba yake alikuwa msafirishaji. Watu wake walitoka Kasongo, kule Maniema, wakafuata biashara mpaka kwenye mji huu wa shaba, na Nasoro mwenyewe aliendesha malori kati ya Kolwezi, Sandoa na Dilolo tangu ujana mpaka macho yalipomkataa. Mama yake, Zaina, alifariki kwa homa Mwanvua akiwa bado ananyonya. Baba akaoa tena, akazaliwa Akram, ambaye leo ndiye anayeendesha lori. Mke wa pili alimlea Mwanvua vizuri, hapakuwa na ubaguzi wa chakula wala wa nguo. Lakini kuhusu Zaina nyumba ile ilikuwa na picha moja tu, ya msichana mwembamba aliyesimama kando ya gari, amefumba macho kwa sababu ya jua.

Na ilikuwa na kasha. Ndani ya kasha, chini ya mablanketi, kulikuwa na manyetofoni, ile mashine nzito ya zamani yenye magurudumu mawili juu na utepe wa kahawia unaotoka gurudumu moja kwenda jingine. Nasoro aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekuwa akifunga duka lake na kurudi kwao, miaka ile ya Zaire. Pamoja nayo kulikuwa na bandi zake, yaani tepe za kurekodia, kila moja katika boksi la karatasi ngumu. Baada ya msiba wa Zaina, haikuwashwa tena. Mara moja tu, Mwanvua akiwa msichana mkubwa, alimkuta baba ameshika boksi moja, analipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Ni nini, baba?"

"Maulidi ya wanawake. Ilisomwa hapa nyumbani." Akalirudisha mahali pake. "Mama yako yumo."

Mwanvua hakuthubutu kumchokonoa zaidi. Baba naye akafa, kasha likakaa, likawa kama ukuta wa chumba.

Miaka mingi baadaye Akram alikuja katika nyumba ya baba na vijana wa kazi ili aondoe vitu, apate pa kuweka matairi ya lori lake.

"Yaya, hii chuma iko nakula nafasi bure," alimwambia dada yake. "Tuiuze kwa batu ya vyuma."

Mwanvua alikuwa tayari ameshika boksi lile la maulidi. Hakuwa amelifikiria kwa muda mrefu, na sasa swali lilimjia zima, kama vile lilikuwa linamngoja: mama yangu alikuwa na sauti gani? Nyembamba? Nzito? Alikuwa anaongea haraka kama mimi? Mtu anaweza kufika umri wa kuwa na wajukuu bila kuwahi kuisikia sauti ya mama yake, na asijue kwamba hilo ni jambo la kuulizia.

"Matairi utaweka kwangu, uani," alisema. "Hii mashine haiendi kokote."

Alimpelekea Stany Lukusa, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya soko. Stany alikuwa mtu wa asili ya Kasai, mzaliwa wa Kolwezi, baba yake aliletwa kufanya kazi mgodini. Siku hizi alitengeneza zaidi vipaza sauti vya makanisa na vile vya baa, na alipoiona manyetofoni aliisogelea polepole, akaweka kiganja juu yake.

"Mama Mwanvua, huyu mzee ametoka wapi?"

"Kwa baba yangu. Anaweza kuongea?"

"Tumuulize."

Alifuta kichwa cha kusomea, kile kijichuma ambacho utepe unapita mbele yake, kwa pamba na alkoli ya famasi, na pamba ikatoka nyekundu kama vumbi la barabara ya Mashamba. Akabadilisha mkanda wa mpira uliokuwa umelegea. Akaunganisha mashine na ampli na bafle zake mbili, yaani spika, akatia bandi, akabonyeza.

Kwanza ulitoka mvumo, mzito, kama lori lililosimama nje na injini inayounguruma. Ulidumu hivyo hivyo, hakuna kingine, mpaka Stany akachoka, akaizungusha bandi mbele. Ndipo dufu zikalia, na wanawake wakaitikia.

Lakini wanawake wale walikuwa mbali mno. Ilikuwa kama kusikiliza harusi ya jirani, umefunikwa blanketi kichwani. Mwanvua alikaza shingo. Aliweza kusema hapa wanaimba wengi, hapa anaimba mmoja. Zaidi ya hapo sauti zote zilikuwa sauti moja yenye manyoya.

"Bafle zako ni mbovu?" aliuliza.

"Bafle ziko muzima. Shida iko mbele yake." Stany alifungua mfuniko wa nyuma wa mashine na kumwonyesha kibao kilichojaa vitu vidogo vya rangi. "Sikia, mama. Kichwa kinasoma bandi, lakini kile kinachotoa ni kadogo sana, hata ekuteri ya simu, ile ya sikioni, haiwezi kukasikia. Preampli, hii hapa, njo inakamata kale kadogo, inakakomalisha, kisha inakapeleka kwa ampli. Kama preampli iko mugonjwa, hata ukiweka bafle za kanisa nzima, utasikia ugonjwa wake tu, mukubwa."

Mwanvua aliinama akatazama kile kibao kwa muda mrefu, mpaka mteja mmoja wa Stany akachoka kungoja, akaenda zake. Vitu vile vidogo vilimvutia. Vingine vilikuwa vimevimba kichwani, vingine vimetoa ute uliokauka.

"Hivi njo bagonjwa?"

"Njo hivyo. Kondansateri. Vimezeeka."

Stany aliving'oa vyote akalehemu vipya. Mwanvua aliporudi kusikiliza, mvumo ulikuwa umepungua sana, na wanawake walikuwa wamesogea mpaka mlangoni. Sasa aliweza kusikia kwamba kuna mmoja mwenye sauti ya juu anayechelewa kuitikia, na mwingine anayekohoa. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Kisha akauliza swali lililofuata, na hapo Stany alijua kwamba mama huyu hataondoka leo wala kesho.

"Sasa nani ni nani?"

Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumjibu. Djamila, dada mkubwa wa Zaina, aliishi Sandoa kwa binti yake. Mwanvua alimpigia simu.

"Mama mukubwa, ile maulidi balisoma kwetu zamani, mama alikuwamo?"

"Alikuwamo, mwanangu. Mi pia nilikuwamo. Unaulizia nini leo?"

Alimrekodia kipande kwa simu, akamtumia. Djamila alisikiliza mara kadhaa, akapiga.

"Mi nasikia mvua," alisema kwa masikitiko. "Mvua kwenye bati. Halafu nasikia batu nyuma ya mvua. Masikio yangu ni ya zamani, mwanangu. Simu yenu hii inanipa makelele tu."

Basi kazi ikawa wazi. Djamila aletwe Kolwezi, akae mbele ya bafle, na siku atakayofika sauti iwe safi kiasi kwamba masikio ya zamani yataweza kuchagua mtu katika kundi. Barabara ya Sandoa wakati wa mvua si ya kumpitisha mama mzee. Walikuwa na muda mpaka kiangazi.

Katika muda huo Mwanvua alijifunza mambo ambayo hakuna muuza vitenge mwingine wa Manika aliyeyahitaji. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alisoma kwenye simu watu wa nchi za mbali wanavyobishana kuhusu preampli. Wengine waliapa kwa transista, wengine kwa lampe, zile chupa za kioo zinazowaka kwa ndani. Alicheka peke yake kuona wanaume wazima wanavyokasirikiana kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekishika mkononi. Lakini alisoma. Na kila alichosoma alikipeleka kwa Stany, ambaye mara nyingine alijua, mara nyingine alisema, "Hiyo mi sijui, tujaribu."

Mawazo ya wote wawili yaliegemea kwenye jambo moja: waiache preampli ya ndani ya mashine, hata iliyotengenezwa, wachukue waya moja kwa moja kutoka kwenye kichwa na kuupeleka kwenye preampli ya nje, iliyo bora zaidi. Akram, ambaye lori lake lilifika Dilolo na kupokea mizigo inayovuka kutoka Angola, alipewa kazi ya kuulizia. Alirudi na kijisanduku kizito cha chuma chenye lampe mbili, alichokipata kwa Mreno mmoja upande wa pili wa mpaka aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki vilivyotumika.

"Aliniambia hii ni ya Amerika," Akram alisema kwa fahari. "Akaniambia, ukisikia na hii, utalia."

Na kweli walilia, au karibu. Stany aliiweka mezani kando ya manyetofoni, akavuta waya, lampe zikawaka rangi ya chungwa, na sauti iliyotoka ilikuwa tamu kupita kiasi. Dufu zilikuwa nene na laini. Wanawake waliimba kama waliopakwa mafuta. Akram alitikisa kichwa, akasema, "Ee, Yaya, hii njo yenyewe." Stany naye alikuwa anatabasamu.

Mwanvua alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, akaomba urudiwe. Kisha akaomba jambo la ajabu: waweke bandi nyingine, yoyote. Ilikuwa ni mtu anahutubia mkutano wa wasafirishaji. Naye alikuwa mtamu. Wakaweka nyingine yenye vishindo vya watoto na mlango unaofungwa. Mlango ulifungwa kwa utamu.

"Tata Stany," alisema, "hii kitambaa iko na wanga."

Stany hakuelewa.

"Kila kitu kinang'aa sawasawa. Mlango hauwezi kuwa muzuri hivi. Na yule mwanamke anayekohoa, yuko wapi? Na preampli ile ya kwanza nilimusikia. Hapa amefichwa."

Stany alirudisha bandi ya maulidi, akaweka sikio karibu na bafle. Alisikiliza kikohozi, hakukipata. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kufikiri kwa sauti. Waya wake ulikuwa mrefu, karibu urefu wa mkono. Ile sauti ndogo ya kichwa, ikisafiri njia ndefu hivyo, inaacha sehemu yake nyembamba njiani. Hilo lilikuwa kosa lake. Halafu kulikuwa na jambo la kipimo. Mtu anaporekodi, mashine inapandisha sauti nyembamba makusudi ili zisizame kwenye uvumi wa utepe, na preampli inaposoma inapaswa kuzirudisha mahali pake. Lakini Waamerika walikuwa na kipimo chao na watu wa Ulaya chao. Mashine ya Mgiriki ilitengenezwa Ulaya. Preampli ya Mreno iliisoma kwa kipimo cha Amerika, kwa hiyo kile ambacho kingekuwa wembe kilitoka kijiko.

"Kwa hiyo tunasoma barua ya mutu na miwani ya mutu mwingine," Mwanvua alisema.

"Kabisa."

"Basi tuvue."

Akram alinuna kidogo, maana ndiye aliyebeba. Walimtuliza kwa kumwambia lampe zake zitumike nyumbani kwake, kwenye ampli ya rumba, na zikatumika, na mpaka leo anazisifia.

Preampli ya tatu ilikuja kwa vipande. Stany aliagiza kibao kidogo cha transista kupitia kwa mpwa wake aliyekuwa akifuata bidhaa Zambia, kibao kisicho na sura yoyote, hakina hata sanduku, ila kilikuwa na swichi ya vipimo vyote viwili. Alikilehemu mwenyewe. Hakukiweka mezani. Alikifunga chini ya manyetofoni, karibu kabisa na kichwa, mpaka waya wa kati yake ukawa mfupi kuliko kiganja. Na umeme hakuutaka. Umeme wa mjini una mvumo wake, alisema, na unaingia kila mahali kama maji. Alichukua betri mbili, zile watu wanazohifadhia umeme wa jua nyumbani, akaendesha kibao kwa hizo.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mwanvua alikuwa ameacha duka kwa jirani. Stany alibonyeza, na hapakutoka kitu.

"Imekufa?" Mwanvua aliuliza.

"Ngoja. Iko natembea. Tazama."

Magurudumu yalizunguka. Hakukuwa na mvumo. Ule mwanzo wa bandi ambao siku zote walikuwa wakiuruka, kwa sababu ulikuwa uvumi mtupu, sasa ulikuwa kimya. Lakini Mwanvua aliinua mkono Stany asiuruke. Kimya kile kilikuwa na chumba ndani yake. Alisikia kuku, mbali. Alisikia kiti kikivutwa kwenye sakafu ya saruji. Alisikia mtu akipumua, karibu sana, kama vile amekaa ndani ya bafle.

Kisha mwanamke akasema, pale pale, kwa sauti ya chini na yenye mikwaruzo:

"Nasoro, toa mukono. Utaikata."

"Mi nataka kuona tu," sauti ya kiume ikajibu, na Mwanvua akashtuka, maana ilikuwa ya baba yake, lakini kijana, nyepesi, yenye aibu.

"Ona na macho. Macho unayo." Kicheko kifupi. "Inazunguka. Haya, muanze."

Na dufu zikalia.

Stany alikuwa anacheka. "Mzee Nasoro alikuwa na mukubwa wake!"

Mwanvua naye alicheka, mpaka machozi. Baba yake, ambaye alimjua kama mtu wa amri, ambaye manyetofoni yake mji mzima uliiita "mashine ya Nasoro", anaambiwa atoe mkono kama mtoto aliyegusa sufuria! Alidhani mwanamke yule ni Djamila. Nani mwingine angethubutu? Mashemeji wakubwa ndio wanaosema na mtu hivyo. Akaiacha, akageukia kuimba kwenyewe, kwa sababu sasa kila mwanamke alikuwa amesimama mahali pake. Kushoto mwenye kukohoa. Katikati yule wa juu anayechelewa. Nyuma yao mmoja mwenye sauti ya mviringo, safi, isiyoyumba, ambayo kila ilipopanda nywele za mikono ya Mwanvua zilisimama.

Moyoni aliichagua ile. Hakumwambia Stany, lakini kwa majuma yaliyofuata aliirudia sauti ile ya mviringo mpaka aliijua kama njia ya kwenda sokoni. Wakati mwingine, akikunja vitenge, alijaribu kuiimba.

Barabara ilipokauka Akram alipitia Sandoa na kumleta Djamila kwenye kiti cha mbele cha lori, amezungushiwa mito pande zote. Alikuwa amepungua, mkono mmoja ulitetemeka, lakini ulimi ulikuwa wake ule ule. Alipumzika, akala, akaswali, kisha akasema, "Haya, hiyo mvua yenu iko wapi?"

Stany alikuwa ameileta mashine nyumbani kwa Mwanvua na kuipanga sebuleni. Walimkalisha Djamila karibu na bafle, akaweka kiganja chake chenye kutetemeka juu ya mbao yake. Mwanvua aliizungusha bandi mbele mpaka pale dufu zinapoanza, maana ndiko alikotaka kwenda haraka.

Wanawake wakaimba. Djamila aliinamia bafle. Midomo yake ilianza kusogea.

"Huyu anayekohoa ni mimi," alisema. "Nilikuwa na kifua mwaka ule."

"Na huyu wa juu?"

"Mama ya Kalumba, jirani. Siku zote alikuwa nachelewa. Tulimuambia, hakusikia."

Mwanvua alisogea karibu zaidi. Ile sauti ya mviringo ilikuwa inapanda. "Na huyu, mama mukubwa? Huyu wa nyuma?"

Djamila alifumba macho, akatabasamu. "Mwalimu wetu. Mke wa shehe. Mungu amurehemu, alikuwa na koo ya dhahabu."

Mwanvua alihisi kama mtu aliyevaa nguo ya mwingine harusini na mwenyewe amekuja kuidai. Alingoja wimbo uishe, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mama?"

"Zaina?" Djamila alifumbua macho. "Zaina aimbe? Mwanangu! Zaina alikuwa na sauti kama kinu cha kusagia. Tulikuwa tunamukataza hata kuitikia."

"Lakini ulisema alikuwamo."

"Alikuwamo. Uliniuliza kama alikuwamo."

Akram, aliyekuwa mlangoni, alitazama chini. Stany alijifanya anashughulika na waya. Mwanvua aliinama, akageuza kitufe airudishe bandi na kuifunga shughuli. Aliirudisha mpaka mwanzo kabisa, kisha kidole chake, kwa mazoea, kikabonyeza ianze tena. Kuku akalia mbali. Kiti kikavutwa.

"Nasoro, toa mukono. Utaikata."

Djamila aliondoa kiganja juu ya bafle kana kwamba imemuunguza.

"Ona na macho. Macho unayo."

"Huyo," Djamila alisema. "Huyo hapo. Huyo njo Zaina."

Mwanvua alibaki ameinama. Dufu zilianza, Stany akazizima.

"Nilidhani ni wewe," Mwanvua alisema hatimaye.

"Mi nishike mashine? Mi nilikuwa naiogopa." Djamila alijifuta macho kwa ncha ya kitenge chake, na kisha, kwa kuwa alikuwa ameulizwa kile ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza, alianza kusimulia. Mashine ilipoletwa, Nasoro alishindwa hata kupitisha utepe. Aliukata mara mbili, akaikasirikia, akaisukuma kando. Zaina aliifungua akaitazama. Kuitazama tu, siku nzima, chakula kikaungua. Jioni ile aliiwasha. Tangu hapo watu wenye harusi, wenye maulidi, wenye mkutano, walikuja kumwomba Nasoro alete mashine yake, na Nasoro aliibeba, maana ilikuwa nzito, na Zaina aliiendesha. Hata kile kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, alikishika yeye. Alikuwa anasogeza kipaza sauti huku na huku, anawapanga wanawake, mwenye koo kubwa akae nyuma.

"Njo sababu unasikia kila mutu mahali yake," Djamila alisema. "Si mashine. Ni yeye alitupanga."

Stany aliacha waya. "Nilijiuliza," alisema polepole. "Nilisema, huyu mutu aliyerekodi alikuwa na sikio."

"Kwa nini baba hakuniambia?" Mwanvua aliuliza.

Djamila alifikiri. "Zaina alipokufa, baba yako hakuweza kuiwasha. Batu balidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo. Lakini pia hakujua kuiwasha."

Akram ndiye aliyecheka wa kwanza, akaziba mdomo kwa aibu, kisha Djamila mwenyewe akacheka, na Mwanvua akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, ameshika magoti yake. Aliomba isomwe tena. Stany akairudisha. Safari hii alisikiliza sauti yenyewe, siyo maneno: ya chini, kavu, yenye mikwaruzo mwishoni, inayokwenda haraka, isiyo na subira na mtu anayegusa kitu asichokijua. Haikuwa nzuri. Hakuna aliyekuwa ameipaka kitu. Aliisugua masikioni mwake kama anavyosugua kitambaa, mara ya tatu, mara ya nne, na akaona anaweza kuitambua popote.

"Mama," Stany alisema, "kama unataka, naweza kuongeza kichujio kadogo. Tutoe ule uvumi uliobaki, tutoe kuku. Yeye abaki peke yake, safi."

Mwanvua alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana. Usimutoe kuku. Alikuwa na kuku."

Akram alikuja akakaa sakafuni karibu na mashine, yeye aliyetaka iuzwe kama chuma. Alikuwa mtoto wa Nasoro lakini si wa Zaina, na Mwanvua alimwonea mashaka kidogo kwamba labda mambo haya yanamchosha.

"Yaya," alisema, "turudie pale anamukatalia mzee. Mi sijawahi kumusikia mzee anaamriwa na mutu."

Walirudia. Nasoro kijana akasema anataka kuona tu, na Akram akapiga paja, akacheka kwa kelele.

Djamila alinyoosha mkono wake unaotetemeka kuelekea yale maboksi mengine yaliyopangwa ukutani, ambayo bandi zake, kwa miezi yote ile, Mwanvua alikuwa akizizungusha mbele kila mara, akitafuta mahali muziki unapoanza.

"Wekeni ile ya harusi ya Dilolo," alisema. "Mwanzo wake. Pale njo Zaina alikuwa amekasirika kabisa."